Mama Mishono Aliponunua Stendi

Mama yangu hakujua kuendesha gari na hakutaka kujua. Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, kando ya dirisha linalotazama uani, na mtaa mzima ulimwita Mama Mishono. Tumemzika juzi. Watu waliokuja kutupa pole wamezungumza sana juu ya sare zake, na ni haki yao, maana wengi wao walizivaa. Mimi nataka kuandika juu ya jeki.

Kwanza ijulikane alivyofanya kazi. Nguo yoyote iliyotoka mikononi mwake ilivutwa kabla ya kukunjwa. Akimaliza kushona alikata uzi, akaushika mshono huku na huku, akauvuta kwa nguvu kama mtu anayetaka kuuchana. Kisha alijiuliza kwa sauti, "Umeshika?" Ukiwa umeshika, alijijibu mwenyewe, "Umeshika." Ukifyatuka, hakununa, alifumua akaanza upya. Mimi na kaka yangu tulikua tukisikia swali hilo na jibu lake kutwa nzima, hata tukadhani kila mama huzungumza na nguo.

Baba alikuwa dereva wa gari la shule mpaka alipostaafu. Yeye alimwita Mama "Fundi" na Mama alimwita "Dereva", na ukiwasikia wakiitana hivyo ungedhani ni watu waliokutana kazini jana yake.

Mama alikuwa na mdogo wake mmoja wa kiume. Mama yao aliwaacha wakiwa wadogo, kwa hiyo Mama ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamshonea shati la kwanza la shule kwa kitambaa cha pazia. Mdogo huyo, Mjomba wetu, akawa fundi gari. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye sauti mbaya ya kuimba na ujasiri wa kuitumia kanisani. Kaka alimfuata kama mkia. Kila siku ya mapumziko alikuwa naye, na akajifunza kwake kutambua spana kwa kuipapasa tu, bila kuitazama.

Mjomba alifia chini ya gari la mteja. Aliitwa nyumbani kwa mtu, na kwa kuwa kazi ilionekana ndogo hakubeba vifaa vyake. Alilinyanyua gari kwa jeki ya kwenye buti, ile ya kubadilishia tairi, akasogeza jiwe pembeni kwa kujihami, akaingia. Jeki ikalala. Jiwe likapasuka. Mama alipoletewa habari alikuwa katikati ya mshono. Alikwenda hospitali na kastabini kidoleni na tepu ya kupimia shingoni, na tepu hiyo ilikuwa bado iko shingoni tulipokuwa makaburini. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aivue.

Baada ya hapo Kaka aliacha mambo ya magari. Akapata kazi katika duka la samani, akawa mtu wa kupanga viti na makabati. Mama alipumua. Hakusema, lakini mimi ninayelala chumba kinachopakana na chake nilisikia sala zake, na katika zile za shukrani duka la samani lilitajwa kwa heshima kubwa.

Ndipo gari letu likaanza kuteleza klachi.

Ni gari dogo, la chini, ambalo Mama alilitegemea kupeleka sare mashuleni. Gereji ilikaa nalo kwa muda mrefu, ikalirudisha likiwa na tatizo lile lile na kelele mpya juu yake. Jioni moja tukiwa mezani, Kaka akaweka kijiko chini.

"Klachi naibadilisha mwenyewe," alisema. "Hapa hapa uani. Jumamosi."

Mama aliacha kula. "Klachi iko wapi?"

"Iko kati ya injini na giaboksi."

"Sikuulizi majirani zake. Inafikiwa kutoka juu au kutoka chini?"

Kaka akamtazama Baba. Baba akatazama chumvi.

"Chini, Mama."

"Jeki ipo," Baba alisema haraka, kama mtu anayefunga mlango usipigwe na upepo. "Ile ya kwenye buti. Nimebadilishia matairi miaka yote, na mimi huyu hapa, nakula."

"Na ya mdogo wangu ilikuwa ya wapi, Dereva?"

Tulimaliza kula tukisikiliza vijiko.

Nilifikiri angemkataza. Asubuhi yake, nilipomkuta anatia mafuta cherehani, nilimwuliza kwa nini hakumkataza. Akaendelea kupangusa mafuta yaliyozidi.

"Nikimkataza, ataingia chini siku nikiwa kanisani," alisema. "Yule anaipenda ile kazi. Umeona anavyofunga makabati dukani? Anafunga kama anafunga injini. Hapana. Aingie nikiwepo, lakini aingie chini ya kitu kilichoshika."

Basi tukaenda mimi na yeye kwenye mtaa wa maduka ya spea. Sisi wanawake wawili tulikuwa kichekesho pale, kati ya watu waliobeba bampa na mabomba ya egzosi mabegani. Tukaingia duka la jamaa aliyeitwa Nati, kwa kuwa alikuwa mfupi, mnene, na alipokaza bei hakuna aliyeweza kumlegeza.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Jeki. Nataka yenye nguvu kuliko zote ulizo nazo."

Nati akainama nyuma ya kaunta, akaibuka na kitu chekundu kilichosimama wima kama chupa, kizito hata akakiweka chini kwa mikono miwili. "Hii inanyanyua lori, mama."

"Nipe hiyo."

"Gari lenu ni lori?"

"Dogo tu."

"Sasa, mama yangu, kwa gari dogo mimi ningekushauri..."

"Mwanangu, inayonyanyua lori itashindwa na gari dogo?"

Nati akaanza kutafuta mfuko. Baadaye alitwambia kwamba mteja akishasema anataka kubwa, kubishana naye ni kujitafutia ugomvi. Akaitia jeki ndani ya mfuko wa unga, tukaibeba kila mmoja na pembe yake, tukipumzika kila penye kivuli. Mama alikuwa na jasho na alikuwa na furaha. Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu habari ya klachi ianze, sikumsikia akijigeuza kitandani.

Jumamosi Kaka alitoka na ovaroli ya Mjomba. Mama aliitazama tu, akarudi ndani, akakaa dirishani kwenye cherehani yake. Mimi nilikuwa pale pale namsaidia kufunga vifungo. Tuliona kila kitu.

Kaka aliilaza jeki nyekundu, akaisogeza chini ya gari, akaisimamisha. Haikusimama. Akajaribu upande wa pili. Kichwa cha jeki kiligonga chini ya bodi kabla haijafika mahali pake. Ilikuwa ndefu mno. Inanyanyua lori, ndiyo, lakini lori ambalo mtu anaweza kukaa chini yake na kula chakula.

"Haiingii," Kaka alisema.

"Itaingia," Baba alisema. "Tulipandishe gari kidogo kwanza. Tofali zipo."

Zilikuwepo kweli, tofali za saruji zenye matundu, zilizobaki tulipojenga ukuta. Baba akazipanga mbele ya matairi, akawasha gari, akalipandisha polepole juu ya tofali ili jeki ipate nafasi. Akazima injini, akavuta breki ya mkono, akashuka akiwa na uso wa mtu aliyefaulu mtihani. Kaka akapiga magoti, jeki mkononi. Bega lake lilikuwa limeshapita chini ya bampa.

Tofali moja ikalia. Haikuvunjika, ililia tu, kama mtu anayetafuna biskuti kavu.

Sikumwona Mama akiinuka. Nilisikia kiti kikianguka, na nilipogeuka alikuwa tayari uani, mkasi wa kukatia vitambaa ukiwa bado mkononi.

"Toka hapo!"

"Mama, sijaingia, nilikuwa tu..."

"Toka!"

Kaka akatoka kinyumenyume. Baba akainua mikono yote miwili. "Fundi, mkasi kwanza. Weka mkasi chini, halafu tuzungumze."

Mama akautazama mkasi kama aliyeshangaa ulifikaje hapo. Akanipa mimi. Kisha akaitazama ile jeki nyekundu, na nikaona uso wake ukibadilika. Hasira ilitoka, kikabaki kitu kibaya zaidi.

"Mimi ndiye niliyeinunua," alisema taratibu. "Nimenunua kitu cha kumlinda, na ndicho kilichompeleka kwenye matofali."

Tofali moja ilikuwa na ufa kutoka tundu hadi tundu. Kaka alipolishusha gari, ile tofali ikagawanyika vipande viwili bila kuguswa na mtu.

Wiki iliyofuata Mama hakuwa na raha. Alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Jumapili kanisani, dada mmoja wa maombi alimwambia kwamba hofu ya namna ile ni upungufu wa imani, amwachie Mungu. Mama akamwitikia kwa upole, akamshukuru. Tulipokuwa njiani kurudi akaniambia, "Namwachia Mungu kila kitu. Lakini vifungo nashona mimi." Nimeyafikiria maneno hayo sana siku hizi. Mimi pia nasali, na bado nashikwa na woga. Nilipokuwa mdogo nilidhani mtu huchagua kimoja.

Alipofika nyumbani alivua viatu vya kanisani, akatandika gunia uani, akalala kifudifudi kando ya gari, umri ule, na tepu mkononi. Akapima kutoka chini hadi kwenye bodi. Akatia alama ya chaki kwenye tepu.

"Tatizo nimeliona," alisema akijipangusa vumbi. "Gari hili lina pindo fupi."

Baba, aliyekuwa anasoma gazeti kizingitini, aliliteremsha. "Sasa utaliongeza kitambaa?"

"Wewe soma, Dereva."

Tulirudi kwa Nati na ile jeki nyekundu ndani ya mfuko wake wa unga. Alipotuona akacheka hadi akashika kaunta. "Nilijua! Nilisema hawa watarudi. Haikuingia?"

"Haikuingia. Na safari hii nisikilize mimi, halafu nikusikilize wewe," Mama alisema. "Mwanangu anataka kulala chini ya gari. Mdogo wangu alilala, hakutoka. Sasa niambie kama unamwambia mama yako."

Nati akaacha kucheka. Alizunguka kaunta, akatuletea viti viwili, kisha akasukuma mbele yetu jeki nyingine, ndefu na bapa, yenye magurudumu madogo na mkono mrefu wa chuma. "Hii inaitwa ya kutambaa. Inaingia chini kama paka. Gari lenu halifiki tani mbili; hii inabeba zaidi ya hapo, haitatumia nguvu zake zote. Lakini mama, nisikilize. Jeki, hata iwe ya namna gani, kazi yake ni kunyanyua tu. Ndani ina mafuta. Mpira unaoyazuia ukichoka, mafuta yanapenya, gari linashuka taratibu, na halikupigii simu kwanza. Mtu haingii chini ya jeki. Ukishanyanyua, unaweka stendi, unalishusha gari likae juu ya stendi. Hizo ndizo zinazobeba."

Mama alifikiri. "Kwa hiyo jeki ni pini za kushikizia kitambaa. Stendi ndiyo mshono."

"Eeh... sijui kushona, mama, lakini nadhani ndiyo."

"Na mtu havai nguo ya pini."

"Hapo umefika."

Nati akaishusha jeki mpaka mwisho, Mama akapima kichwa cha jeki hiyo kwa tepu, akalinganisha na alama ya chaki. Iliingia, na nafasi ikabaki. Kisha zikaletwa stendi: vyuma vya miguu minne, vyenye shingo inayopanda kwa meno na pini nene ya kuifungia isishuke. Mama akaikalia moja.

"Mama!" Nati alishangaa. "Hiyo inabeba tani!"

"Tani mimi sizijui. Nimezoea mita." Akajitikisa juu yake, akageuka kulia, akageuka kushoto. Nilitazama pembeni kwa aibu. Akaikalia na ya pili. Kisha akaipindua, akapitisha kidole mahali mguu ulipochomelewa. "Huu mshono umerukwa."

Nati akaichukua, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akaiweka kando, akaleta nyingine.

"Na ziwe sare," Mama alisema. "Sitaki moja ndefu na moja fupi."

Hapo simu yake ikaita. Alikuwa Baba, na sauti ya Baba kwenye simu husikika duka zima.

"Fundi, mko wapi?"

"Nachagua stendi."

"Stendi? Unasafiri? Hukuniaga!"

"Sisafiri. Nanunua."

"Unanunua stendi?" Nati akageuka kusikiliza. "Na mabasi yake, au makondakta peke yao?"

Nati alilazimika kukaa. Mama akakata simu, uso mkavu, akamwambia afunge vitu vizuri. Lakini tulipofika njia panda alisimama ghafla, akaweka mzigo chini, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. "Makondakta," alisema. Na machozi yale yaliendelea kidogo baada ya kicheko kuisha, nami nikajifanya napanga mzigo.

Jumamosi ya pili kulikuwa na jua la wastani. Kaka alifanya kila kitu kama alivyoelekezwa. Alilisogeza gari mahali penye saruji, karibu na bomba la maji, kwa kuwa sehemu nyingine ya ua ni udongo. Akavuta breki ya mkono, akaweka vipande vya mbao nyuma na mbele ya matairi ya nyuma. Akalegeza nati za matairi ya mbele, akaingiza jeki ya kutambaa, akapiga mkono wake juu chini, juu chini, na pua ya gari ikapanda bila mlio. Akaweka stendi huku na huku, chini ya sehemu ngumu za bodi, zote kwenye jino moja, akafunga pini. Akalishusha gari likazikalia. Akatoa matairi, akayaegemeza ukutani. Akavuta jeki nje kabisa.

Lilikuwa limekaa vizuri. Ungelipiga picha.

"Tazama, Fundi," Baba alisema. "Hata mimi ningelala hapo chini nikapiga usingizi."

Mama alikuwa dirishani. Cherehani ilikuwa mbele yake lakini mguu haukuwa kwenye kanyagio. Kaka akatandika mkeka, akalala chali, akaweka spana kifuani, akashika bampa ili ajivute ndani.

"Imeshika?" Mama aliuliza.

"Imeshika, Mama."

"Umevuta?"

Kaka akafumba macho. "Mama, hii si suruali."

"Nimekuuliza, umevuta?"

"Stendi mpya! Umezikalia mwenyewe dukani, dada kaniambia!"

"Nilizikalia dukani. Sikuzikalia hapo. Amka uvute."

Nilimwona Kaka akipigana na nafsi yake. Ni mtu mzima, ana ndevu. Baba akamkonyeza, maana yake, mfurahishe tu yaishe. Kaka akaachia bampa, akaacha spana mkekani, akainuka akinung'unika, akapangusa mgongo, akaweka viganja viwili kwenye kona ya gari juu ya taa, na kulisukuma. Alilisukuma kwa hasira kidogo, kama mtu anayetaka kuonyesha kwamba hakuna kitu.

Gari likayumba, likarudi. Akasukuma tena.

Saruji ikafanya sauti ya sahani kupasuka. Mguu mmoja wa stendi ya kushoto ukazama, ukatoweka wote, stendi ikainama, na pua ya gari ikashuka upande ule kwa kishindo kilichotikisa kioo cha dirisha letu. Kuku wa jirani walipiga kelele. Spana iliyokuwa kwenye mkeka haikuonekana tena.

Kaka alikuwa amesimama, mikono bado mbele yake, ikisukuma hewa.

Baba alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye udongo, na suruali yake safi. "Bomba," alisema hatimaye. "Mtaro wa bomba unapita hapo. Mimi ndiye niliyeufukia. Nilipaka saruji juu kama mtu anayepaka siagi."

Mama alitoka kwa mlango, polepole safari hii, na hakuwa na mkasi. Hakumtazama Baba. Hakumtazama Kaka pia. Alikwenda mpaka kwenye gari, akapiga magoti mbali kidogo, akatoa tepu shingoni. Akaipitisha kati ya mkeka na chuma kilichokuwa juu yake, pale ambapo kifua cha mtoto wake kingekuwa. Akasoma. Akaikunja tepu, akaitia mfukoni.

"Ni kiasi gani, Mama?" Kaka aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya zamani, ya utotoni.

Mama hakusema. Hakuwahi kusema. Nilimwuliza mara nyingi miaka iliyofuata, hata hospitalini, tulipokuwa tunazungumza mambo yote. Alitabasamu tu, akaniambia nimpe maji.

Alichofanya wakati ule ni kumshika Kaka kwa mikono miwili begani, akamvuta kwake, akamsukuma, akamvuta tena, kama mshono. Kisha akarudi ndani. Nilimkuta amekaa kwenye cherehani na kichwa amekilaza juu ya rundo la sketi, anasali, na sala yenyewe ilikuwa neno moja tu, asante, asante, na pumzi kati yake.

Baba alichimba saruji ile yote kwa mikono yake. Hakutaka kusaidiwa. Alishindilia udongo kwa gogo, akamwaga zege nene, akalimwagilia maji kila asubuhi, na tulipomtania kwamba anajenga uwanja wa ndege hakutujibu. Zege lilipokauka sawasawa, Kaka alinyanyua gari tena, stendi zikiwa juu ya zege, na matairi aliyoyatoa akayalaza chini ya bodi yawe akiba kama lolote litatokea. Akasukuma kona zote. Mama akauliza, yeye akajibu, akaingia. Klachi ile inafanya kazi mpaka leo.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Kaka hakurudi kwenye samani. Alifungua gereji yake ndogo, na mafundi wake wote hulitikisa gari kabla ya kuingia chini. Lakini gari letu alilitengeneza uani, na hakuingia chini yake mpaka sauti itoke dirishani.

Mama aliugua kwa muda mfupi. Mungu alimpa kifo cha kitandani, watu wake wamemzunguka, na namshukuru kwa hilo hata ninapolia. Siku ya mazishi mchungaji alisema kwamba Mama Mishono aliwapiga jeki wengi katika maisha yao. Watu wakaitikia. Kaka aliniinamia sikioni. "Jeki tu?" alinong'ona. "Hawamjui."

Leo asubuhi egzosi ya gari imeanza kugonga. Wageni wengi wameondoka. Kaka amevaa ovaroli, amenyanyua gari, ameweka stendi, amelaza matairi chini, amelitikisa. Mimi nilikuwa chumba cha mbele nakunja sare ambazo Mama hakuzimalizia, nikiwaza nani atazishonea vifungo. Kupitia dirishani nilimwona akitandika mkeka, akilala chali, akiweka spana kifuani. Nikaendelea kukunja. Nilipoinua macho tena, alikuwa bado amelala vile vile. Hakuwa ameshika bampa. Alikuwa anatazama mbingu.

Baba alikuwa kizingitini na gazeti ambalo halikufunguliwa. Alinitazama mimi, akamtazama Kaka, akanitazama mimi.

Nikasogea kwenye kiti cha Mama. Sikukikalia, nilishika tu mgongo wake.

"Imeshika?" niliuliza.

Kaka aliinuka, akaenda kwenye kona ya gari, akaweka viganja vyake juu ya taa na kulisukuma tena, ingawa alikwisha kulisukuma. Akazunguka, akasukuma upande wa pili.

"Imeshika, Mama," alisema.

Akasita, akafuta uso kwa mkono wa ovaroli. Hakujisahihisha. Akalala, akashika bampa, akaingia.